Kiunzi cha Mbao cha Kubebea Meza ya Jiwe



Katika vitongoji vya magharibi ya Nairobi, kama vile Kitisuru, Loresho na Spring Valley, ziko nyumba nyingi zenye baraza pana na bustani, na wenye nyumba hupenda kuweka hapo meza ambayo uso wake ni jiwe. Jiwe haliungui kwa sufuria ya moto, wala halivimbi kwa mvua za masika. Lakini jiwe halina miguu. Miguu ni kazi ya seremala. Fundi wa Ngong Road au wa Gikomba akiagizwa meza ya namna hii, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kutafuta miguu minene. Hapo ndipo kosa huanzia. Yafaa ifahamike ya kwamba meza ya jiwe kwa kawaida haiangushwi na uzito wake. Huangushwa na kuyumba kwake.

Na tuupime uzito wenyewe. Chukua jiwe la graniti lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 3. Mita moja ya ujazo ya graniti ina uzito wa kilo 2,700 hivi. Kwa hiyo jiwe hilo litakuwa na kilo 131, yaani kupita mifuko miwili na nusu ya saruji. Uzito huo ukigawanywa kwa miguu minne, kila mguu wapata kilo 33 hivi. Mguu wa inchi 3 kwa 3 wa mbao iliyo nzima, ukisimama wima, waweza kuchukua mzigo huo mara nyingi sana bila kuona taabu. Basi unene peke yake si dawa.

Atakaye kuona hatari ilipo na atwae ganda la kiberiti, aondoe kijisanduku cha ndani, kisha alisimamishe ganda tupu mezani. Akiligandamiza kutoka juu kwa kidole, litasimama. Akilisukuma kidogo tu kutoka ubavuni, litalala mara moja. Meza ya jiwe ambayo miguu yake imepigiliwa misumari juu tu ni kama ganda hilo. Siku mtoto atakapoegemea ukingoni, au watu wawili watakapoivuta ili kufagia, misumari italegea, miguu italala upande mmoja, na kilo 131 zitashuka kwa pamoja. Jiwe lililovunjika laweza kununuliwa jingine. Mguu wa mtoto haununuliwi.

Kwa hiyo fundi afanye mambo matatu. La kwanza, viungo. Mbao za ukingo, zinazofunga miguu kwa juu, ziwe na upana wa inchi 4 au 5, kwa sababu kiungo kipana huzuia kuyumba kuliko chembamba. Ncha ya kila mbao ichongwe ulimi, na mguu utobolewe tundu kwa patasi, hata ulimi uingie kwa kubana na kutiwa gundi. Asiye na nafasi ya kufanya hivyo atumie bolti zenye nati, si misumari mitupu. La pili, miguu ifungwe tena karibu na chini kwa mbao nyingine, au itiwe mbao za mshazari kutoka mguuni hadi ukingoni. Mshazari hufanya pembetatu, na pembetatu haiwezi kulala bila kuvunjika. La tatu, mbao za kukingama zipite chini ya jiwe kutoka ukingo hadi ukingo, kila baada ya sentimita 40 au 50.

Jambo hili la tatu lina sababu yake. Jiwe ni jabari likigandamizwa, lakini ni dhaifu likipindwa. Wajenzi wa Lamu wa zamani walilijua jambo hilo vyema. Dari za nyumba zao za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, zikapangwa karibu karibu, na juu yake yakawekwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa kuwa boriti haikuweza kubeba mzigo huo kwa masafa marefu, vyumba vilijengwa vyembamba, mara nyingi upana usiofika mita 3, ingawa urefu wake ulikuwa mkubwa. Waliutii mti, na nyumba zao nyingi zingali zimesimama. Seremala wa Kitisuru naye afuate kanuni hiyo hiyo: jiwe lisiachwe likining'inia mbali na kiunzi. Kwa unene wa sentimita 3, lisitokeze nje kupita sentimita 25 hivi.

Ama kuhusu mbao, msaipresi hupatikana kwa urahisi na yatosha kwa meza ya ndani. Kwa meza ya barazani, inyeshewayo na kukaribiwa na mchwa, mvule ni bora zaidi, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Mti wowote uwao, hapana budi uwe mkavu. Mbao mbichi ikikauka hujipinda na viungo vyake huachana. Desturi ya mafundi ni kuiacha mbao ikauke kivulini, mahali penye upepo, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Kiunzi kikisha, kisimamishwe mahali pake kabla jiwe halijaletwa. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata kwenye sakafu mbovu, lakini meza ya miguu minne hucheza. Fundi aweke pimamaji juu ya kiunzi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, akirandaranda palipo juu mpaka uso wote uwe sawa. Mahali pamoja palipoinuka hata kwa milimita chache paweza kulivunja jiwe siku ya kwanza.

Jiwe lenyewe libebwe na watu wanne au zaidi, likiwa limesimama kwa ubavu kama kioo cha dirisha; likibebwa bapa huweza kukatika kwa uzito wake. Lisigandishwe kwa saruji, maana mbao hutanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, hali jiwe halifuati. Matone machache ya gundi laini ya silikoni yatosha. Uzito wa jiwe utafanya kazi iliyobaki.

Mwisho, kabla ya kupokea malipo yake, fundi aishike meza kwa mikono miwili na kuisukuma kwa nguvu kutoka kila upande. Ikitikisika, airudie kazi siku ile ile. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye nyumba huona jiwe linalong'aa na kulisifu; viungo vilivyo chini haviangalii. Lakini viungo hivyo ndivyo vitakavyowalinda watu wa nyumba yake, na ndivyo vitakavyolitunza jina la fundi.