Wagonjwa 4,402 wa Afrika



Tarehe 22 Mei 2020, korona ikiwa imeutia ulimwengu hofu, jarida la utabibu la The Lancet la London lilichapa makala iliyodai kuwa klorokwini, dawa ambayo wazee wetu hapa Kariakoo wanaikumbuka kwa uchungu na mwasho wake, na ambayo serikali yetu ya Tanzania iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 2001, na jamaa yake haidroksiklorokwini, zilifungamana na vifo vingi zaidi vya wagonjwa wa korona. Hoja hiyo ilijengwa juu ya wagonjwa 96,032 wa hospitali 671, na takwimu zao zilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha majaribio yake ya haidroksiklorokwini.

Katika hesabu hiyo Afrika ilipewa wagonjwa 4,402. Wataalamu zaidi ya mia moja, wakiongozwa na James Watson, waliandika barua ya wazi kuonyesha kwamba, kama takwimu zile ni sahihi, basi karibu robo ya wagonjwa wote wa bara letu, na asilimia 40 ya waliofariki, walilazwa katika hospitali zilizofungamana na kampuni hiyo, tena zenye kumbukumbu kamili za kompyuta, jambo ambalo waliona ni gumu kuaminika. Nami nadhani mtu yeyote aliyewahi kungojea faili lake kwenye dirisha la hospitali angelitilia shaka jambo hilo bila ya shahada yoyote.

Mfanyabiashara wa mitumba hununua belo likiwa limefungwa, akiitegemea lebo. Na mhariri wa The Lancet naye ndivyo alivyozipokea takwimu zile, ila mfanyabiashara hulifungua mwenyewe, na hasara ikiwamo humwangukia yeye.

Tarehe 4 Juni makala ikafutwa, kwa kuwa kampuni ilikataa kuwakabidhi wakaguzi takwimu zote. Siku kumi na tatu! Ilhali makala ya daktari Andrew Wakefield juu ya chanjo ya surua na watoto 12, iliyotoka mwaka 1998 katika jarida hilo hilo, ilifutwa mwaka 2010.

Jarida ni kadhi asiye na askari. Kwa taratibu za Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, mhariri aliyeletewa tuhuma juu ya makala humwuliza kwanza mwandishi, na asiporidhika humwandikia mwajiri wake. Kwetu hapo ndipo penye utata, maana aghalabu majarida ya kitaaluma huchapishwa na vyuo vyenyewe, na mwalimu hupandishwa cheo kwa makala hizo hizo. Basi mhariri anayemshuku mwenzake hana budi kumshitaki kwa mkuu wao wote wawili, ambaye hadhi ya chuo imo mikononi mwake. Sisemi kuwa watu hao hawana insafu. Nasema wamewekewa mtihani ambao si haki kumwekea mja.

Septemba 2020 The Lancet liliweka sharti kwamba waandishi zaidi ya mmoja wathibitishe kuwa wameziona na kuzihakiki takwimu wenyewe. Sharti hilo halihitaji mfadhili, na jarida lolote la Dar es Salaam laweza kulichapa katika toleo lake lijalo.