Kosa Nalo ni Mwalimu

Msikilizaji mpenzi, wahenga walituachia usemi kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Leo nakuletea habari za msomi aliyetuonyesha kwamba hata kulirudia kosa kwaweza kuwa ndiko kujifunza kwenyewe, mradi kila mara lipungue kidogo.

Msomi huyo ni David Rumelhart, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942 katika jimbo la South Dakota. Alisomea saikolojia na hisabati, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, kisha akafundisha miaka 20 katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kompyuta kwake ilikuwa chombo tu. Swali lake lilihusu binadamu: tunatambuaje tunachokiona, na tunajifunzaje?

Mwaka 1981 yeye na mwenzake James McClelland walieleza kwa programu ya kompyuta jambo tunalolifanya kila siku. Gazeti likimwagikiwa chai na herufi moja ikafutika, neno bado tunalisoma, kwani herufi jirani hutusaidia kuitambua ile iliyopotea.

Mwaka 1986 wakaifundisha kompyuta vitenzi vya Kiingereza. Mtoto wa Kiingereza husema "went" vizuri, halafu siku moja huanza kusema "goed", kisha hujirekebisha. Kompyuta ile haikupewa kanuni yoyote, ilipewa mifano tu, nayo ikapitia makosa ya namna hiyo hiyo. Wapo wataalamu wa lugha walioupinga vikali mfano huo, na ubishi ukaendelea kwa miaka mingi.

Mwaka huo huo, Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams waliandika makala katika jarida la Nature. Mbinu yao ni hii: mashine hutoa jibu, jibu hulinganishwa na lile sahihi, kisha tofauti hurudishwa nyuma, tabaka kwa tabaka, na kila kiungo hurekebishwa kidogo. Kazi hiyo hurudiwa maelfu ya mara. Wengine walikwisha kuifikia mbinu hiyo kabla yao, lakini makala ile ndiyo iliyoieneza. Mashine za leo zinazotambua sura na kutafsiri lugha hufunzwa kwa njia hiyo.

Mwaka 2024 Hinton alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na John Hopfield. Rumelhart hakuiona siku hiyo. Alistaafu mwaka 1998, baada ya ugonjwa wa ubongo kuanza kumnyang'anya maneno, akafariki mwaka 2011. Aliyechunguza jinsi maneno yanavyoingia akilini, yake yalimtoka moja moja.

Msikilizaji, mimi nilisoma enzi za kiboko. Kosa moja la hesabu, kiboko kimoja. Nilichojifunza upesi ni kutonyoosha mkono darasani, na hesabu zikanipita.

Mashine haichapwi. Huelezwa imekosea kwa kiasi gani na irekebishe wapi, kisha hupewa nafasi ya kujaribu tena. Ewe mwalimu, nawe mzazi mwenzangu, kama chuma tunakivumilia hivyo, mtoto je?

Hadi wiki ijayo, kwaheri.