Tununue Nini kwa Bustani ya Maji ya Shule Yetu?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanachama siku ya harambee ya mwaka, kwa niaba ya Kamati ya Kilimo na Lishe)



Kamati imeniagiza nieleze jambo moja. Fedha tutakazochanga leo kwa ajili ya bustani ya mboga ya shule yetu ya sekondari, kule bondeni wilayani Same, zitanunua nini? Sote tunaijua hali. Mvua inanyesha milimani, bondeni panabaki vumbi. Wanafunzi wanakula ugali na maharage wiki nzima, na mboga za majani zikishuka na gari kutoka juu zinafika zimenyauka na bei imepanda. Ndiyo maana mkutano uliopita ulikubali bustani ya haidroponiki, yaani kulima kwa maji yenye virutubisho bila udongo.

Mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kontena zima la kuagiza nje, lenye taa, pampu, viyoyozi na kompyuta ya kuendesha kila kitu. La pili ni mahori ya mbao yaliyotandikwa nailoni, chini ya neti ya kivuli, bila pampu wala taa. Kamati inapendekeza la pili. Naomba mnisikilize sababu, kwa sababu fedha ni zenu.

Kwanza tusitishwe na jina. Kulima ndani ya maji si siri ya muuzaji yeyote. Wanasayansi wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha tangu miaka ya 1860 kwamba mmea unaweza kukua ndani ya maji yaliyoyeyushwa chumvi zinazofaa. Miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akaitoa njia hiyo maabara na kuipeleka kwa wakulima. Baadaye Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii akaeneza njia isiyohitaji umeme kabisa. Unajaza maji yenye mbolea, unafunika, unapandikiza miche kwenye matundu ya mfuniko. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na mizizi ya juu inabaki kwenye hewa na kupumua. Hakuna pampu ya kuharibika. Mahori yetu yatafuata njia hiyo.

Sasa tulitazame kontena. Taa zake zimetengenezwa kwa nchi ambazo majira ya baridi jua linachungulia saa chache tu. Sisi jua tunalo, tena tunalikimbia. Taa 10 za wati 100 kila moja, zikiwaka saa 16 kwa siku, zinakula uniti 16. Kwa siku 30 ni uniti 480, kabla ya pampu na viyoyozi. Nani atakayejaza Luku hiyo, Mkuu wa Shule au wazazi?

Mwaka 2015 watafiti wa Arizona State University walikadiria gharama ya kilo moja ya saladi katika jangwa la Arizona. Shambani ilihitaji lita 250 za maji, na kwa haidroponiki lita 20. Hapo tunapiga makofi. Lakini nishati ilitoka kilojuli 1,100 hadi 90,000, sawa na uniti 25 za umeme kwa kilo moja. Sehemu kubwa ilikuwa ya kupasha na kupoza hewa, ikifuatiwa na taa. Pampu zilichukua kidogo sana. Maana yake ni kwamba faida ya maji inatokana na kulima ndani ya chombo kilichofungwa, na gharama kubwa inatokana na kujenga chumba kinachobishana na hali ya hewa. Tunaweza kuichukua faida ile na kuliacha lile deni.

Wenzetu wamepita njia hii. Kwenye kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, karibu na Tindouf nchini Algeria, mhandisi Taleb Brahim alishirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kuotesha majani ya shayiri kwa ajili ya mbuzi. Walianza na makontena ya kisasa, kisha wakahamia vibanda rahisi vilivyojengwa kwa vifaa vinavyopatikana pale pale, ambavyo familia zinaweza kuvijenga na kuvitunza zenyewe. Kama jangwani wamefanya hivyo, sisi tulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha hatuna sababu ya kuanzia kwenye kontena.

Ndugu zangu, kamati inapendekeza tununue kwa utaratibu huu.

Cha kwanza ni maji. Wazee wetu walichimba ndiva, maji yakajaa usiku, na mchana wakagawana kwa zamu. Leo ndiva yetu ni paa la bwalo. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 200 ni lita 2,000, ukiacha kinachopotea njiani. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha bustani hii ni mifereji ya bati na matanki. Tena maji ya mvua hayana chumvi, wakati visima vingi vya nyanda kame vina chumvi. Maji yakishakuwa na chumvi nyingi, hayaachi nafasi ya mbolea. Kabla ya kununua hata msumari, maji ya kisima cha shule yapelekwe maabara yapimwe.

Cha pili ni mahori. Hori moja la mita 4 kwa mita 1.2, lenye maji ya kina cha sentimita 15, linachukua lita 720. Mahori kumi ni lita 7,200, na kwa miche 20 kila mita ya mraba tunapata miche 960. Kwa jua la kwetu mboga zilizokomaa zinaweza kunywa lita 5 hivi kwa siku kwa kila mita ya mraba, yaani lita 240 kwa mahori yote, ndoo 12. Maji yale yakijazwa mara moja yanatosha takriban mwezi mzima hata kwa mboga zilizokomaa, na miche midogo hunywa pungufu ya hapo. Chainizi au figiri inakaribia kuvunwa. Mbao, misumari na nailoni nzito nyeusi vinapatikana Same na Moshi, na ujenzi tutaufanya kwa msaragambo, kama tulivyojenga madarasa.

Mifuniko isibaniwe bei. Hori lililo wazi ni mazalia ya mbu na chanzo cha ukoga, na maji yakipigwa na jua yanapata joto. Maji ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 yanabeba 7.5 tu. Mizizi inakosa pumzi na kuoza. Mfuniko mweupe na neti ya kivuli ndiyo viyoyozi vyetu.

Cha tatu ni mbolea, na hapa ndipo watu wengi wanapouziwa kisicho chenyewe. Mbolea ya kwenye maji lazima iyeyuke yote na iwe na virutubisho vyote, hata vile vinavyohitajika kidogo sana kama chuma, zinki na boroni. Urea haifai, maana inategemea bakteria wa udongoni waigeuze kwanza. DAP haifai. CAN pia haifai, ingawa jina lake linafanana na kalsiamu naitreti, kwa sababu ina chokaa isiyoyeyuka. Anayekwenda dukani aandikiwe kwenye karatasi: kalsiamu naitreti, magnesiamu salfeti, na NPK ya kuyeyuka yenye virutubisho vidogo. Asikubali kuambiwa "hii ni ile ile." Tununue kwenye duka la pembejeo lenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, mfuko ukiwa haujafunguliwa.

Kalsiamu naitreti isichanganywe na zile nyingine zikiwa kali kwenye ndoo moja. Zikikutana, kalsiamu na salfeti zinaganda kuwa jasi, ile ile tunayoiona ikichimbwa Makanya, na mmea haupati kitu. Ndiyo sababu tunahitaji mapipa mawili, A na B, kila moja na kikombe chake, na kila mchanganyiko unamiminwa peke yake kwenye maji mengi ya hori. Kwa gramu 1 hadi 2 za mbolea kwa lita, mahori kumi yatakula kilo 7 hadi 15 kwa mjazo mmoja. Mweka Hazina aandike hesabu hiyo kama matumizi ya kila msimu wa mboga, maana haimaliziki siku ya uzinduzi.

Cha nne ni vipimo viwili: kipima uchachu, kinachoitwa kipima pH, na kipima chumvi, yaani EC. Mboga nyingi za majani zinapenda pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda sana, chuma kinakuwemo kwenye maji lakini mmea hauwezi kukichukua, na majani machanga yanageuka manjano. Bila vipimo hivi mlinzi wa bustani anabahatisha. Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba. Wengi wenu mnatuuliza mtume nini. Msitutumie seti za bustani za ndani zenye taa na vidonge vyake maalumu vya mbegu, maana vidonge vikiisha huku hatuna pa kuvinunua. Tumeni vipima. Ni vyepesi, vinaingia kwenye begi la mkononi. Leteni viwili viwili, pamoja na maji maalumu ya kuvirekebishia ya pH 4 na pH 7, na maji ya kuhifadhia kile kichwa chake, kwa sababu kikikauka kimekufa.

Cha tano ni mtu, ingawa yeye hauzwi dukani. Shule inafunga Juni na Desemba, lakini mchicha haujui likizo. Lazima awepo mlezi wa bustani anayelipwa posho mwaka mzima, na mwalimu mmoja wa kumsimamia. Dawa ya kushusha pH ni tindikali, kwa hiyo glovu na miwani ya kukinga macho viwepo, na kabati la dawa lifungwe kwa kufuli. Wanafunzi watapanda, watapima na kuandika daftari, lakini tindikali hawataigusa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu namna ya kununua, kamati inaomba mkutano uridhie masharti machache. Tuchukue bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu, zikitenganisha vifaa, usafiri, ufungaji na mafunzo. Kila muuzaji atuonyeshe bustani ya mteja wake iliyokwisha kuvunwa zaidi ya mara moja, twende tuione kwa macho. Malipo yapitie akaunti ya kampuni, si namba ya simu ya mtu, na risiti ya EFD itolewe. Sehemu ya fedha ya mjenzi wa kitalu na muuzaji wa vifaa izuiwe mpaka mavuno ya kwanza. Chochote kitakachoagizwa nje tukijue ushuru wake na bei yake ikifika Same, si bei yake kwenye picha.

Tena tusianze na mahori kumi. Tuanze na mawili, tuvune, tujue mlezi wetu ameiva, kisha tuongeze nane. Na kwa kila shilingi tatu zitakazopatikana leo, moja isiguswe. Ibaki kwa mbolea, mbegu, nailoni mpya, vichwa vya vipimo na posho ya mlezi. Vijijini kwetu kuna mashine nyingi zilizozinduliwa kwa ngoma na kukatwa utepe, zikafa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo. Hazikufa kwa sababu watu walichanga kidogo. Fedha yote ilikwisha siku ya kwanza.

Na niseme ukweli, ili mwakani asije mtu akadai tulimdanganya. Bustani hii haitazalisha mahindi wala maharage. Itatoa mboga za majani: chainizi, figiri, mchicha, sukuma wiki, spinachi. Lakini mtoto anayekula ugali na maharage siku tano, akiongezewa majani ya kijani kila siku, amepata kitu ambacho sahani yake haikuwa nacho.

Mnaoishi ghorofani Dar es Salaam mnaweza kujaribu wenyewe mwezi huu. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko usiopitisha mwanga, toboa matundu, pandikiza miche michache ya chainizi kwenye vikombe vyenye matundu, weka penye jua la asubuhi. Maji yakishuka usiyajaze mpaka juu, utaizamisha mizizi inayopumua. Ukivuna mara moja, utakuwa mkaguzi mzuri wa fedha zako kuliko kamati yoyote.

Ndugu zangu, kadi za ahadi ziko mbele yenu. Anayeweza tanki aandike tanki. Anayeweza mifereji ya paa aandike mifereji. Fundi aandike siku zake za msaragambo. Aliye na kidogo aandike mfuko mmoja wa kalsiamu naitreti, na tutamwandika kwenye daftari sawasawa na wa tanki. Tunachotaka ni mboga kwenye sahani za watoto wetu Julai, wakati bonde limekauka, na Julai ya mwaka unaofuata pia.