Asilimia Katika Fedha za Mkulima
(Hotuba ya Katibu katika maadhimisho ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Katika miaka hii kumi tumeulizwa mengi dirishani pa malipo, wala hakuna swali lililorudi mara nyingi kama hili: "Fedha yangu imekwenda wapi?" Jibu limo katika hati ya makato, lakini limeandikwa kwa asilimia.

Asilimia maana yake ni kwa kila mia. Tuseme kahawa yako imeuzwa kwa shilingi 480,000, na makato ni asilimia 5. Futa sifuri mbili za mwisho, upate 4,800. Hiyo ndiyo asilimia 1. Zidisha kwa 5: makato ni 24,000. Hesabu hii haihitaji cheti.

Mtego uko penginepo. Kila usikiapo asilimia, uliza: ya nini? Bei ya kilo ikiwa 5,000, ikashuka kwa asilimia 20, hubaki 4,000. Msimu wa pili ikipanda kwa asilimia 20, watu hushangilia wakidhani imerudi palepale. Haikurudi. Asilimia 20 ya 4,000 ni 800, basi bei ni 4,800. Ili ifike 5,000 yapasa ipande kwa asilimia 25.

Uliza tena: ya muda gani? Hapa ndipo mavuno yanapopotea. Miezi ya njaa, kahawa ingali mtini, mkopeshaji huja akasema kwa upole, "Kumi tu kwa mia," akanyamaza. Neno "kwa mwezi" hulitamka siku ya kudai. Ukikopa 100,000 kwa miezi sita, riba ni 60,000, hata kabla riba haijazaa riba. Mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka husikika mzito zaidi, maana 18 yapita 10. Kumbe riba yake kwa miezi hiyo sita ni 9,000. Tumewaona wanachama wakiukimbia huu na kuukumbatia ule, na kahawa yao ikachukuliwa na watu wasiowahi kushika jembe.

Kwa hiyo twaomba kwamba kuanzia msimu ujao, karani wa kila chama cha msingi asome makato kwa sauti, kwa asilimia na kwa shilingi, kabla mkulima hajatia sahihi au dole gumba. Foleni itakuwa ndefu, nasi twajua. Mwanachama atakayeona tofauti, hata ya shilingi 10, asitie sahihi. Aje ofisini na hati yake.