Habari za Wateja: Zinavyoingia na Zinavyotoka

(Mazungumzo yaliyotolewa ukumbini siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yangu nilisita, maana si kazi ya kusimuliwa. Sikuwa rubani wala daktari. Kwa miaka mingi nimeuza pampu za maji na vipuri vyake huko Morogoro, na wengi wa wateja wangu hulipa kidogo kidogo. Lakini yale niliyojifunza katika kutunza habari zao yaweza kumfaa kila mmoja wenu, awe ataendesha duka, zahanati, chama cha ushirika au shule.

Wa rika langu wataikumbuka stoo ya shule hii. Kila jembe lililotoka liliandikwa kwenye leja, na aliyelichukua alitia sahihi. Mtunza stoo alipohamishwa hakukabidhi ufunguo tu. Alikabidhi leja, na majembe yakahesabiwa mbele ya yeye anayeondoka na yule anayeingia. Sisi tuliofanywa kuyabeba tulidhani ni usumbufu mtupu.

Nami biashara yangu niliianza kwa leja. Baadaye nikanunua kompyuta na kutumia majedwali ya Excel. Mwishowe nikaingia katika huduma za mtandaoni, hizi ziitwazo za wingu. Maana yake ni kwamba habari zako hukaa kwenye mitambo ya kampuni nyingine, nawe unazifikia kwa intaneti na kulipa ada. Sina ugomvi na mpango huo. Kompyuta ya dukani ikiibwa, habari zipo. Vijana wangu wa mauzo waliweza kuona deni la mteja kwenye simu zao wakiwa vijijini.

Kosa lilikuwa langu. Nililinganisha kampuni kwa ada zao na kwa urahisi wa kuingiza majina. Sikuuliza swali moja: siku nikitaka kuondoka, nitatoka na nini?

Siku hiyo ikafika. Ada ilipanda, nikaamua kuhama. Niliomba habari zangu, nikapewa faili moja. Majina yalikuwamo, namba za simu zilikuwamo, bei ya pampu ilikuwamo. Malipo ya kila mwezi hayakuwamo. Nilipousoma mkataba kwa makini, nasema kwa aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza, nikakuta kwamba kumbukumbu za malipo zilipaswa kuombwa kwa barua ya pekee kabla ya akaunti kufungwa. Akaunti ilikuwa imekwisha kufungwa.

Karani wangu, asiyejua lolote, akaanza kupiga simu za kudai madeni. Alimpigia mama mmoja wa Kilosa, mjane, aliyekuwa amekwisha kulipa pampu ya bustani yake hadi shilingi ya mwisho. Kwenye faili lile alionekana anadaiwa yote. Mama hakubishana. Kesho yake alipanda basi akaja dukani na kopo la maziwa ya unga. Ndani zilikuwamo stakabadhi 11 zilizofungwa kwa uzi. Akazipanga mezani moja moja, akasema, "Mwanangu, hesabu."

Nilihesabu. Nilimwomba radhi na kumrudishia nauli, lakini nauli haikuwa ndiyo iliyomuuma. Wapo wengine ambao hawakuwa na kopo. Hao niliwafutia madeni, kwa sababu sikuwa na haki ya kudai nisichoweza kukithibitisha.

Tangu hapo, zana yoyote ya kutunza habari za wateja naipima kwanza kwa namna inavyozitoa. Nichukue mfano wa Salesforce, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1999. Nimeichagua kwa sababu ina zana kadhaa kwa kazi hii, na tofauti zake zinafundisha.

Ipo kwanza Data Import Wizard. Hii hufunguka ndani ya huduma yenyewe, inakuongoza hatua kwa hatua, na inapokea hadi kumbukumbu 50,000 kwa mara moja. Inaweza pia kutazama kama mteja amekwisha kuandikwa. Ni nzuri kwa anayeanza. Lakini yenyewe huingiza tu, haitoi.

Ya pili ni Data Loader, programu unayoiweka kwenye kompyuta yako. Hii hubeba kumbukumbu kwa mamilioni. Inaingiza, inarekebisha, inafuta na inatoa. Nguvu zake ndizo hatari yake, kwani hutenda unavyoiamuru. Ukiipa faili lenye makosa, itafunika habari sahihi kwa habari mbovu kabla hujamaliza chai yako.

Ya tatu ni dataloader.io. Jina linafanana na la pili, lakini ni kitu kingine. Ilitengenezwa na MuleSoft, kampuni iliyonunuliwa na Salesforce mwaka 2018. Huna haja ya kuweka programu yoyote, na unaweza kuipangia kazi ijiendeshe kwa saa maalumu. Anayeitumia bila kulipa hupewa kiasi chenye mpaka.

Ya nne ni huduma ya Data Export, ambayo hukufungashia habari zako katika mafaili kila wiki au kila mwezi, kufuatana na daraja unalolipia. Ni akiba njema. Lakini kumbukeni kwamba inakupa mafaili tu. Kuyarudisha mahali pake, kila malipo kwa mwenyewe, ni kazi yako.

Mtaniuliza, ipi bora? Mwenye duka dogo atatoshelezwa na ya kwanza kwa kuingiza na ya nne kwa akiba. Mwenye wateja wengi atahitaji ya pili, na mtu aliyefunzwa kuitumia. Ukienda kwa HubSpot, kwa Zoho au kwa mwingine yeyote, uliza maswali yaleyale: nini kinatoka, katika umbo gani, na je, kikitoka bado kimeshikamana na mwenyewe?

Hapo kwenye kushikamana ndipo wengi tunapoanguka. Majina hayatoshi. Mohamedi Saidi na Saidi Mohamedi wanaweza kuwa mtu mmoja au ndugu wawili, na simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Mpe kila mteja namba yake isiyobadilika, na kila malipo yaibebe namba hiyo. Zana ikiiona namba hiyo hurekebisha iliyopo. Isipoiona huongeza mpya. Salesforce yenyewe huipa kila kumbukumbu alama 15 ambamo herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Utafutaji wa kawaida wa Excel hauzitofautishi, kwa hiyo ukitumia alama hizo unaweza kumpa mtu malipo ya mwenzake. Ndiyo maana ipo pia alama ya tarakimu na herufi 18 isiyotegemea ukubwa wa herufi.

Kisha jihadharini na faili lenyewe. Zana nyingi hutoa faili la aina ya CSV, yaani maandishi matupu yaliyotengwa kwa alama ya mkato. Ukilifungua kwa Excel bila uangalifu, namba ya simu inayoanza na sifuri huipoteza sifuri hiyo. Namba ndefu kupita tarakimu 15 huharibika mwishoni. Tarehe 3/4 yaweza kusomwa Aprili 3 au Machi 4.

Msidhani haya huwapata wauza pampu tu. Mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kubadili baadhi ya majina hayo, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Iliyoitwa SEPT1 ikawa SEPTIN1. Mwaka huohuo, huko Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa korona waliachwa nje ya hesabu za taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu faili la aina ya zamani ya Excel halibebi zaidi ya mistari 65,536. Hakuna aliyehesabu kilichoingia na kilichotoka. Mtunza stoo wetu angehesabu.

Jambo moja zaidi. Habari za mteja si mali yako peke yako. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Faili ulilolitoa likazagaa kwenye flashi ni hatari kama sanduku la fedha lililoachwa wazi.

Vijana, nawaachia zoezi dogo. Kabla hujatia sahihi mkataba wowote, ingiza wateja 20 pamoja na malipo yao yote. Kisha jifanye unaondoka. Vitoe, fungua faili, hesabu. Kama 20 wametoka na malipo yao, endelea. La sivyo, shika njia yako.

Namalizia, Ndugu Mwenyekiti, na jambo letu la nyumbani. Katibu ametueleza asubuhi kwamba orodha ya wanachama wetu na michango yao itahamishiwa mtandaoni. Naunga mkono. Lakini naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba kila mwisho wa mwaka orodha itatolewa nzima na kuhesabiwa mbele ya watu wawili, na leja ya zamani isichomwe.

Mama yule wa Kilosa bado ni mteja wangu. Kila anaponunua kipuri humpa stakabadhi ya karatasi, naye huikunja taratibu bila kusema neno.