Kupita juri, kisha kumuona mgonjwa

(Maneno ya timu ya uwanja kwa kikao cha wanachama, Bunia)

Tumeombwa kueleza kazi ya kikundi cha masomo cha vijana wetu wauguzi. Hatutasoma ripoti nzima, iko kwa sekretere, anayetaka aichukue.

Kwanza tukumbushane hawa vijana ni nani. Kuna wale waliokatisha masomo ya ITM wakati vita vilirudi Djugu mwisho wa 2017, wakavuka Ziwa Albert mpaka Uganda. Kuna wengine walisomea kulekule, kwa Kiingereza. Leo wamerudi, na wanatayarisha mitihani ambayo iko kwa Kifaransa. Kiisha diploma peke yake haitoshi. Sheria ya Julai 2016 ilianzisha Ordre ya wauguzi, na muuguzi anapaswa kuandikwa kwa orodha yake mbele ya kushika kazi. Njia ni ndefu, na ndiyo maana mituele iliamua kusaidia.

Kila mara wafadhili wanatuuliza: wangapi watapita? Swali ni la haki, pesa ni zenu. Ila sisi tunaotembea kwenye vituo vya afya tunabeba swali lingine. Huyu atakayepita, siku atabaki peke yake na mgonjwa, ataona nini? Maana huku kwetu mtu yeyote mwenye blouse nyeupe anaitwa munganga. Familia haiulizi kama ni A2 ao A1. Inamkabidhi mtoto tu.

Tuwape zoezi moja tulilofanya nao. Mtoto wa miezi 18, homa siku tatu. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka chanya. Mama anasema tangu asubuhi hanyonyi, na maji pia anakataa. Ukihesabu pumzi, ni 52 kwa dakika. Ni saa tisa ya mchana, na hospitali kuu iko mbali. Unafanya nini?

Karibu wote waliandika: malaria, tunatoa vidonge, arudi kisha siku mbili. Dawa waliandika vizuri, kipimo sawasawa na kilo za mtoto. Kwa karatasi wangepata pointi. Lakini yule mtoto angerudi nyumbani na hatari yake.

Tukaanza upya, polepole. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, hiyo peke yake ni alama ya hatari kwa PCIME, sawa na kutapika kila kitu, kushikwa na degedege, ao kulegea mpaka haamki. Alama moja inatosha: ni mgonjwa mukali, ni wa kutumwa hospitali. Halafu zile pumzi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 kwa dakika na kupita ni mbio. Kwa miezi 2 mpaka 11 ni 50. Basi kuna malaria, ndiyo, na kuna kifua pia. Kipimo chanya hakifungi macho ya muuguzi. Huku Ituri watoto wengi wanatembea na malaria kwa damu. Ukiipata, hujamaliza kutafuta.

Hili la kufikiri malaria na kusimama hapo, tumeshalilipa. Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilifika hata hapa Ituri, na ikaua watu 2,287 kwa jumla. Mwanzo wake ni homa, kichwa, mwili kuuma: nani hapa hangesema malaria? Watu wengi waliambukizwa ndani ya vituo vilevile walivyokwenda kutafuta uzima. Na mwaka 2020 tauni ilionekana tena kule Rethy. Homa na uvimbe wa kuuma kwenye kinena ao kwapani, kwa mtu anayetoka upande ule, si jambo la kumpa parasetamoli na kumuaga. Muuguzi anapaswa kuuliza: unatoka wapi, panya wamekufa nyumbani, nani mwingine anaugua?

Turudi kwa yule mtoto. Saa tisa. Hapa hesabu ya Ituri inaingia, ile hakuna kitabu inaifundisha. Motari atakubali kwenda mpaka saa ngapi? Njia iko wazi leo? Kuna watu wanafikiri hiyo ni kazi ya usalama, si ya uuguzi. Sisi tunaona ni uuguzi kabisa. Ukigundua alama ya hatari saa tisa, mtoto anaweza kufika. Ukiigundua saa kumi na mbili, giza limeingia, unabaki naye mpaka asubuhi.

Kuna dawa ya artesunate ya kuweka kwa njia ya haja kubwa, ya kumpa mtoto mbele ya safari. Ni nzuri. Lakini utafiti uliofanywa huku Congo, Uganda na Nijeria ulionyesha kwamba dawa ile bila mtoto kufika hospitali na kumaliza matibabu haiokoi kama tulivyotumaini, na Januari 2022 OMS ikaonya juu yake. Kwa hiyo muuguzi anatoa artesunate, anapiga sindano ya kwanza ya antibiotiki, anaangalia sukari isishuke, anaandika karatasi ya transfert yenye saa na dawa alizotoa, na wakati huohuo mtu mwingine anatafuta moto. Akisema ngoja tuone kama itashuka, anakula muda wa mtoto.

Msifikiri ni shida yetu peke yetu. Marekani nao, tangu Aprili 2023, mtihani wa leseni ya wauguzi umebadilika. Wanampa mtahiniwa mgonjwa kamili: ona alama, zipime, chagua lililo la haraka, tenda, kisha rudi uangalie kama imesaidia. Hilo la kurudi kuangalia ndilo vijana wetu wanasahau zaidi. Mama amezaa vizuri, wote wanafurahi, wanamuacha. Kumbe damu inatoka kidogokidogo. Mapigo ya moyo yanapanda kwanza. Presha inaweza kukaa sawa muda mrefu, halafu inaanguka ghafula. Anayengoja presha ishuke anachelewa.

Jambo la lugha pia lina uzito. Kijana amejifunza neno kwa Kiingereza, anaulizwa kwa Kifaransa, na mama anamueleza kwa Kiswahili, Kilendu ao Alur. Mama hatasema degedege. Atasema mtoto alishtuka-shtuka, ao macho yalipinduka. Kwa hiyo siku hizi tunafanya zoezi la kuuliza kwa lugha ya mama, kiisha kuandika kwa Kifaransa. Wamama wa mituele wanakuja kucheza sehemu ya mzazi, na tuseme ukweli, wanawatesa vijana kuliko mwalimu yeyote.

Sasa ombi letu. Maswali ya juri za zamani tunayo ya kutosha. Msitutumie fotokopi zingine. Tunahitaji saa zenye mshale wa sekunde, vipimo vya joto, mashine moja ao mbili za kupima sukari pamoja na vijiti vyake (mashine bila vijiti ni pambo), na mabuku ya PCIME. Pia tunaomba sehemu ya sanduku itengwe kwa kumlipa motari pale familia haina kitu.

Kikundi kinakutana kila Jumamosi saa mbili ya asubuhi. Wamama wawili wa kucheza wazazi bado wanatafutwa. Wajiandikishe kwa sekretere mbele ya kutoka.