Mwanachama na Daftari Lake: Elimu na Uongozi katika Ushirika wa Nyumba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie ushirika wa nyumba, kwa kuwa katika mkutano uliopita wengi wenu mlitaka Umoja wetu uanzishe chama cha namna hiyo, tununue ardhi Katesh au hapa Mbulu mjini, tujenge. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sehemu kubwa ya kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuketi na vyama vya ushirika na kusoma vitabu vyao. Kwa hiyo sitasema habari za matofali wala mabati. Mafundi tunao humu humu ukumbini. Nitasema habari za watu wanaoketi katika mkutano mkuu, na kile wanachokijua au wasichokijua.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina. Ushirika wa nyumba si kampuni ya kuuza viwanja, wala si upatu. Ni chama cha watu wanaonunua hisa na kuweka akiba, wakapata ardhi kwa pamoja, wakajenga au wakajengewa, na kila mmoja ana kura moja, awe na hisa 5 au hisa 500. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, hawakuchukua muda mrefu kabla ya kuanza kutenga sehemu ya ziada yao kwa ajili ya elimu ya wanachama, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Ni duka la unga na siagi lenye maktaba! Walijua kwamba kura moja mkononi mwa mtu asiyeelewa hesabu ni kura ya yule anayemsomea hesabu.

Nchi yetu ililifahamu jambo hilo mapema. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu kamili. Hata hivyo mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wapo wanaosema vilivunjwa kwa sababu ya siasa, wengine wanasema kwa sababu ya wizi. Mimi naona liko jambo la tatu: mkulima wa kawaida hakuona kwamba alichonyang'anywa kilikuwa chake. Kwake chama kilikuwa karani na mzani. Mtu hapigani kwa ajili ya mzani wa karani.

Upande wa nyumba historia ni fupi zaidi. Dar es Salaam watu wa Mwenge walianza ushirika wao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973, na katikati ya miaka ya 1990 ikafa. Tangu hapo mtu wa kipato kidogo amehangaika kutafuta mlango wa mkopo wa nyumba. Mfano ninaoupenda ni wa Chamazi. Watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji na akina mama wafanya biashara ndogo ndogo, walikuwa wamekwisha zoea kuweka akiba katika vikundi. Wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaunda chama cha ushirika, wakajifunza kufyatua matofali na kuezeka wenyewe. Haikuwa kazi rahisi na haikwenda kwa kasi waliyoitaka. Lakini angalieni mpangilio wake: kikundi na daftari la akiba vilitangulia, ardhi ikafuata. Majirani zetu wa Kenya nao, kupitia muungano wao wa vyama vya ushirika wa nyumba ulioundwa mwaka 1979, mafunzo ya wanachama ni sehemu ya kazi, hayaachwi hadi fedha zitakapobaki. Sisi kwa kawaida hufanya kinyume. Tunanunua ardhi, tunagombana, ndipo tunaita semina.

Sasa nirudi nyumbani. Wilaya hizi zetu mbili, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Mbulu, zina masomo yake juu ya ardhi na karatasi. Wazee waliomo humu wanakumbuka Basotu. Mashamba ya ngano ya NAFCO yalipopanuka, wafugaji wa Kibarabaig walidai malisho yao mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, kwa kuwa haki juu ya ardhi ile haikuthibitishwa jinsi mahakama ilivyotaka. Watu walikuwapo, ng'ombe walikuwapo, makaburi ya wazee yalikuwapo. Uthibitisho ndio uliokosekana. Kwa upande mwingine, Wahadza wa bonde la Yaeda, ambao wengi wetu tuliwadharau tulipokuwa wanafunzi, mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii yao nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wawindaji na warina asali wakapata hati ya pamoja kabla yetu sisi wenye shahada.

Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 2023. Sina haja ya kuwaeleza watu wa Hanang jinsi tope na mawe vilivyoshuka kutoka mlimani hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na miongoni mwenu wamo waliozika ndugu. Zilijengwa nyumba 109 huko Waret kwa ajili ya waliobaki bila makazi, na hilo ni jambo la kushukuru. Nalitaja kwa sababu moja. Popote nyumba nyingi zinaposimama pamoja, za msaada au za ushirika, maswali yale yale hufuata: mfereji wa mvua unazibuliwa na nani? Bomba likipasuka nani analipa? Mwenye nyumba akifa, mjane wake anabaki au anaondoka? Na sisi tunaotaka kununua ardhi chini ya mlima ule ule, nani atauliza maji yanapita wapi kabla ya kulipa? Swali hilo la mwisho ni la mkutano mkuu. Msimwachie mwenyekiti peke yake.

Nitawaeleza chama kimoja, bila kukitaja. Kilikuwa cha watumishi, watu waliosoma, wanachama kama 60. Nilipofika, vitabu vilikuwa nyumbani kwa mweka hazina, naye alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Hakuiba hata senti. Lakini kwa miaka minne hapakuwa na ukaguzi, na kiwanja kilikuwa kimeandikwa kwa jina la wajumbe watatu wa bodi "kwa muda tu," kwa sababu siku ya malipo chama kilikuwa hakijaandikishwa. Mmoja wa wale watatu akafariki. Watoto wake walileta hati ya mauziano yenye jina la baba yao, na hawakuwa wakisema uongo. Nikawauliza wanachama: muhtasari wa mkutano ulioamua majina yale uko wapi? Kimya. Mama mmoja, mhudumu wa ofisi, akasema alikuwa ameuliza siku ile ile, akaambiwa asicheleweshe mkutano.

Ndugu zangu, tangu siku ile nikiulizwa uongozi bora wa ushirika ni nini, namkumbuka yule mama. Chama kinamhitaji yule anayechelewesha mkutano. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 inasema mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya mwisho. Ipo Tume ya Maendeleo ya Ushirika, lipo Shirika la Ukaguzi, na siku hizi upo hata mfumo wa kompyuta ambamo taarifa za vyama huingizwa. Vyote hivyo ni vyema. Lakini mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, akija. Mwanachama yupo siku zote. Akijua kusoma mizania, akijua kudai stakabadhi, akijua akidi ya mkutano ni watu wangapi, bodi itajiheshimu yenyewe.

Elimu hiyo itolewe kwa lugha gani? Hapa kwetu swali hili si dogo. Katika wilaya hizi mtu anaweza kusikia Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na Kihadza katika safari ya siku moja, na ni lugha zisizo na undugu wa karibu hata kidogo. Mihtasari yetu ni ya Kiswahili, na ndivyo inavyopasa kuwa. Lakini nimehudhuria mikutano ambayo bibi mwenye hisa zake halali anainua mkono kwa sababu jirani ameinua. Kama chama chetu kitapokea wazazi wetu na wake zetu walioko vijijini, basi masharti yasomwe na kufafanuliwa kwa lugha wanayoota nayo, kifungu kwa kifungu, hata kama itachukua Jumamosi tatu. Baba zetu waliposaidiana kujenga tembe, kila mmoja alijua mti wake unasimama wapi na kwa nini. Hakuna aliyejenga kwa kuinua mkono tu.

Nanyi vijana wa kidato cha tatu na cha nne, msidhani haya ni ya wazee. Somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu ambalo mnalikwepa ndilo nililokuwa nikilitumia katika mkasa ule wa kiwanja, wala si yale ya chuo kikuu.

Pendekezo langu kwa Umoja ni hili. Tusinunue ardhi mwaka huu. Tuanze na akiba ya kila mwezi, kiasi ambacho hata mwalimu wa shule ya msingi anakimudu, na daftari lisomwe hadharani kila robo mwaka. Tumwombe Afisa Ushirika wa wilaya atufundishe kabla ya kuandikishwa. Hati ya ardhi, siku ikifika, iwe kwa jina la chama na si la mtu yeyote, hata kama ni mimi. Na katika masharti kiwemo kifungu cha mrithi: kila mwanachama aandike nani atakayeshika nafasi yake, na mume asimwandike ndugu yake kwa siri na kumwacha mkewe. Najua kifungu hicho kitaleta ubishi. Kilete sasa, tukiwa hatuna hata tofali moja.

Rasimu ya masharti nimemkabidhi Katibu, nakala 40. Baada ya chakula, wanaotaka tukutane darasa la kidato cha pili, tuanze kifungu cha kwanza. Njooni na kalamu.